Sikio na Pikipiki ya Shemeji Yake

Barabara nzima ilimwita Sikio, hadi wateja wengine walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa pikipiki, mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkavu, mwenye kucha ambazo sabuni ilikwisha kuzikatia tamaa. Kabla hajashika spana alikuwa anaegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini wake anauweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, halafu anafumba macho na kunyamaza. Wageni walicheka. "Huyu anatengeneza au anasikiliza taarifa ya habari?" Akifumbua macho, alikuwa ameshajua.

Sikio hilo alilipata kwenye mashine ya kusaga nafaka. Miaka kumi na sita alikaa na injini moja ya dizeli, kubwa kama ng'ombe aliyelala, na akaizoea mpaka akawa anajua kwa mlio tu kama mkanda umelegea au kuna kijiwe kimeingia pamoja na mahindi. Mashine ilipofungwa akajenga kibanda cha mabati kando ya barabara, akaweka benchi, akatundika spana zake kwenye misumari, na kuanzia hapo akala kwa jasho la pikipiki za watu. Mke alioa, mke akafariki, watoto hawakujaliwa. Ndugu pekee wa damu aliyebaki naye ni dada yake mkubwa.

Dada alimzidi miaka tisa. Mama yao alipoondoka, Sikio alikuwa bado anatambaa, na ni dada aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamfundisha kusoma kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa vitu dukani. Ndiyo maana hata sasa, kichwa chote mvi, dada akisema "kaa ule" alikaa akala, na akisema "nyamaza" alinyamaza.

Huyo dada alikuwa ameolewa na mpima ardhi, mzee wa miaka sabini na moja ambaye alistaafu lakini watu hawakuacha kumwita Mpima. Mpima alikuwa na pikipiki ya tangu alipoajiriwa, yenye tangi la kijani lililochubuka pale magoti yalipogusa kwa miaka arobaini na moja. Aliiita bibi kizee. Juu ya bibi kizee alikuwa amepima nusu ya barabara za upande ule, na kila mara alipopita moja alikuwa akisema urefu wake kwa sauti, kama mtu anayesalimiana na rafiki.

Mambo yalianza Jumatatu moja asubuhi. Mpima alifika kibandani akiisukuma pikipiki, shati limelowa mgongo mzima.

"Shemeji, bibi kizee amegoma. Nimepiga kiki mpaka goti linalia."

"Umevuta choki?"

"Shemeji, mimi huyu ndiye wa kuulizwa choki?"

Sikio akacheka, akavuta kigoda. Injini ya namna ile haina siri nyingi. Inataka moto, mafuta na hewa, na ikikosa kimoja haiwaki. Akafungua plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akapiga kiki kwa mkono. Cheche ikaruka, buluu, nzuri. Moto upo. Akafungua bakuli la chini la kabureta, akalimimina kwenye kopo la bati.

Chini ndani ya kopo zilibaki punje. Nyeupe, ndogo, zinazong'aa. Akachukua moja, akaisubiri ikauke, akaiweka kwenye ncha ya ulimi.

"Nini?" Mpima akauliza.

"Sukari."

Petroli haiyeyushi sukari. Inaizamisha tu, halafu inaisukuma polepole hadi kwenye tundu lile jembamba ambalo linaipa injini mafuta pikipiki ikiwa imesimama, tundu ambalo unywele unalitosha. Sikio akaosha tangi mara tatu, akapuliza kila njia ya kabureta, akaongeza chujio dogo kwenye mpira wa mafuta. Wakasema labda muuza mafuta alitumia chombo kichafu. Walisema hivyo kwa sababu hawakuwa na la kusema.

Mchana aliipeleka mwenyewe nyumbani. Dada alikuwa anaanika nguo uani. Pikipiki ikaingia getini ikiunguruma taratibu, imetulia, mlio mmoja mmoja unahesabika. Siku zote dada angesema ahsante mdogo wangu, ingia ndani. Siku hiyo alisimama na shati la mumewe mikononi, maji yakimchuruzika kwenye viwiko.

"Imepona?"

"Imepona, dada."

"Upesi hivyo," akasema, na akalibana lile shati kwa vibanio vitano, pale ambapo viwili vingetosha.

Wiki mbili hazikuisha, Mpima akarudi. Safari hii injini ilikuwa inawaka, inakohoa moshi mweusi, inazimika. Sikio akaitoa plagi, nyeusi tititi kama kitako cha sufuria ya kuni. Mafuta mengi, hewa kidogo. Akafungua kisanduku cha chujio la hewa, akaingiza vidole viwili, akavuta kitambaa. Kilitoka kirefu, cha njano, kimekunjwa.

"Panya hao," Mpima akasema. "Wanajenga viota popote."

"Panya hakunji, shemeji. Tazama. Kimekunjwa mara nne, kikasukumwa kwa kidole mpaka mwisho."

Mpima alikuwa ameshika kikombe cha maji. Alifungua mdomo kujibu, na jibu halikutoka. Alibaki vilevile, macho yameelekea ukutani kwenye spana, kikombe kimeinama, maji yanamwagikia kiatu. Sikio alidhani anafikiri. Alimpa nafasi, maana hilo si jambo dogo kumeza. Baada ya muda Mpima akapepesa macho, akatazama kiatu chake, akatazama kitambaa.

"Kuna mtu," akasema.

"Kuna mtu," Sikio akakubali.

Mpima hakutaka muda wa kumtafuta mtu huyo. Alikuwa naye tayari. Pembeni mwa nyumba yake, ukuta kwa ukuta, aliishi mchomeleaji wa mageti, na mwaka uliopita cheche za mchomeleaji zilivuka ukuta zikatoboa shuka kwenye kamba. Walirushiana maneno, na tangu hapo salamu zilikatika. Siku hiyohiyo Mpima alinunua kufuli la kibanda cha uani alimolala bibi kizee, zito kama ngumi. Lilikuja na funguo mbili. Mmoja akautia mfukoni, wa pili akampa mkewe. Halafu akaegemeza nondo nyuma ya mlango wa sebuleni.

"Hiyo ya nini, shemeji?" Sikio akauliza alipoiona.

"Ya kupimia," Mpima akajibu, bila kucheka.

Sikio alirudi kibandani. Kwa siku kadhaa kila pikipiki iliyopita ilimfanya ainue kichwa. Yeye ndiye aliyesema kuna mtu. Angejifanya ameamini panya, nondo ile isingekuwa nyuma ya mlango. Mara mbili alipita mbele ya karakana ya mchomeleaji akitaka kumwambia awe macho, na mara mbili alimkuta ameinama kwenye moto wake wa buluu, uso umefunikwa na miwani myeusi, akapita moja kwa moja.

Mara ya tatu Mpima hakuisukuma pikipiki. Aliiendesha, na Sikio aliisikia kabla hajaiona. Ilikuwa inalia juu, kwa hasira, hata ilipokuwa inasimama. Mpima alibana breki zote mbili, akaizima kwa swichi, na akabaki ameketi juu yake.

"Sasa inakimbia yenyewe," akasema. "Naachia mkono, resi haishuki. Nimekaribia kumpitia mtu wa mkokoteni. Nimemwona uso wake, shemeji. Huyu mchomeleaji anataka kuniua."

"Ulifunga kufuli?"

"Nilifunga. Na asubuhi nimelikuta limefungwa."

"Basi mchomeleaji ameingiaje?"

"Mtu anayetengeneza mageti atashindwa na kufuli? Nakwenda ofisi ya mtaa sasa hivi. Wasiponisikiliza, nitajisikiliza mwenyewe."

Sikio akamwambia aiache pikipiki pale hadi jioni, naye akaondoka kwa miguu, hatua ndefu za mtu aliyezoea kupima kwa miguu.

Alipobaki peke yake, Sikio akaiwasha tena. Resi ikapanda juu, ikang'ang'ania huko. Akachovya brashi kwenye maji na kuyadondosha polepole kuzunguka mpira unaounganisha kabureta na injini. Palepale mlio ukashuka, ukatulia. Maji yalipokauka ukapanda tena. Hewa ilikuwa inaingia pasipotakiwa. Akaufungua mpira, akaufuta, akaupinda kwenye mwanga.

Mpira ukizeeka hupasuka. Yeye alikuwa ameona mipasuko ya mipira maelfu, na yote inakwenda upogo, kama matope yaliyokauka. Huu ulikuwa mstari. Umenyooka, umeanzia upande wa chini usikoonekana, kingo zake safi. Wembe.

Alikaa na ule mpira mkononi muda mrefu. Kufuli lilikuwa zima. Funguo zilikuwa mbili. Na ndipo akili yake ikaenda mahali ambapo ilikuwa imekataa kwenda kwa wiki tano: vibanio vitano kwenye shati moja, na sauti ya dada ikisema *upesi hivyo*.

Mikono yake ilifanya kazi wakati kichwa kiko kwingine. Kwenye rafu kulikuwa na mpira unaofanana. Akaufunga, akakaza vibano, akawasha, akarudisha skrubu ya resi nusu mzunguko, kisha robo. Pikipiki ikashuka, ikatulia, ikapiga mlio wa zamani. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuiacha bovu. Hakupata jibu isipokuwa kwamba mikono yake haikuwahi kuacha kitu kibovu mezani. Akamwomba fundi cherehani wa kibanda cha pili amwangalizie vitu, akakata njia ya mkato kwenda kwa dada.

Alimkuta jikoni anachambua mchele kwenye sinia. Sikio hakukaa. Akauweka mpira uliokatwa kando ya sinia.

Dada aliutazama, akaendelea kuchambua. Akatoa kijiwe kimoja. Akatoa cha pili.

"Sukari niliijaribu kwa sababu niliwahi kusikia watu wakisema inaua injini," akasema. "Wewe ukaifufua asubuhi moja. Nikakata pazia la zamani, ukalitoa. Mdogo wangu, kila ninachofunga, wewe unafungua."

"Kwa nini, dada? Mumeo amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Anapotea." Akaiacha sinia. "Anaongea, halafu hayupo. Macho yako wazi, mtu hayupo. Akirudi hajui kama aliondoka. Daktari alimwambia asiendeshe chochote, akampa na karatasi. Akaichana njiani. Akaniapisha nisimwambie mtu, na wewe hasa. Nikasema basi, bibi kizee asiwake tu. Asipowaka, mume wangu ataishi."

Sikio akakikumbuka kikombe kilichoinama, na maji juu ya kiatu. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa mgonjwa, yeye anayejisifu kusikia kijiwe kwenye mahindi, na hakusikia kitu.

"Dada, ulipokata huu mpira ulidhani injini itazima?"

"Si inapumulia hapo?"

"Inapumulia hapo. Ukiutoboa haizimi. Inakuwa kama kichaa. Anaachia mkono, yenyewe inaongeza. Leo nusura imuue, na nusura iue na mtu mwingine."

Dada akaweka viganja vyote viwili juu ya meza. Uso wake ulibadilika taratibu, kama nguo inayolowa.

"Iko wapi sasa?" akauliza.

"Kibandani. Nimeshaitengeneza."

"Na yeye yuko wapi?"

Kabla hajajibu, akaisikia.

Ilikuwa mbali bado, upande wa barabara kubwa, lakini asingeikosea hata kati ya pikipiki mia. Mpima hakusubiri jioni. Alikuwa amepita kibandani, na hakuna fundi cherehani wa kumkatalia mtu pikipiki yake mwenyewe. Injini ilikuwa inaimba. Gia ya pili, ya tatu, safi, bila kukohoa. Sikio akatoka mlangoni, dada nyuma yake. Kutoka pale hadi barabarani ni nyumba nne, kisha kona kali ambayo nje yake wafyatua matofali hupanga tanuri zao. Miaka yote, Mpima akikaribia kona ile huachia resi, mlio unashuka, anaingiza gia ya pili, mlio unapanda kidogo, anakunja. Hata paka wa nyumba ile alijua.

Sikio akasubiri mlio ushuke.

Haukushuka. Wala haukupanda. Ulikuja vilevile, sawasawa, mtamu, gia ya tatu, kama mtu aliyenyoosha mkono akausahau. Dada akasema, "Hayupo," kwa sauti ndogo sana. Kisha matofali yakalia.

Mchomeleaji ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuwa ameshatupa miwani na anachimbua matofali kwa mikono mitupu, glovu zake zimebaki kazini. Mpima alikuwa hai. Paja lilikuwa limepinda pasipopindika, na alikuwa anamtazama mchomeleaji kwa macho ya mtu aliyeamka sasa hivi katika chumba asichokijua. Walimbeba juu ya geti ambalo halijapakwa rangi, mchomeleaji mbele, Sikio nyuma, hadi kwenye gari la mtu aliyejitolea.

Kabla ya kwenda hospitali Sikio alirudi kwenye tanuri. Hakujua anatafuta nini. Akaiinua pikipiki, taa imepasuka, usukani umekwenda upande. Waya wa resi ulikuwa unateleza na kurudi wenyewe. Mpira ulikuwa mzima, vibano vimekaza. Akaiondoa kwenye gia, akapiga kiki mara moja. Ikawaka. Ikasimama pale katikati ya vumbi la matofali ikiunguruma taratibu, bila kosa lolote, na Sikio akaona ni heri angeikuta imekatwa vipande. Akaizima haraka, kama mtu anayemziba mtu mdomo.

Hospitalini, mguu ukiwa umeshatundikwa, Mpima aliwashika mkono mkewe na Sikio.

"Safari hii ameweza," akasema. "Amekata tena. Nikitoka hapa, mchomeleaji yule na mimi, mmoja wetu atahama."

Sikio akasogea kitandani aseme ukweli. Dada akamtangulia.

"Hakuna mchomeleaji. Ni mimi. Sukari mimi, kitambaa mimi, mpira mimi. Na leo haikukatwa. Leo ilikuwa nzima kabisa, muulize aliyeitengeneza."

"Ilikuwa nzima, shemeji," Sikio akasema. "Wewe ndiye hukuwapo."

Mpima alimtazama mkewe hadi muuguzi aliyepita akadhani wanaombeana. Kisha akageuzia uso ukutani. Siku kumi na moja hakusema naye. Dada alikuja kila asubuhi, akamlisha, akamfuta, akaondoka, na Mpima alimeza bila neno.

Katika siku hizo Sikio alikwenda kwa mchomeleaji kumshukuru na kumwomba radhi kwa yaliyosemwa kuhusu yeye. Mchomeleaji akakuna kichwa.

"Mimi nilimwona mama na kopo la sukari, fundi. Nilikuwa juu ya ngazi. Lakini ningemwambia nani, na salamu zenyewe hatupeani?"

Mpima alirudi nyumbani na magongo. Jumapili ya kwanza Sikio alikaribishwa kula. Walikuwa watatu mezani, na Mpima kwa mara ya kwanza alikuwa ameanza kumwomba mkewe chumvi. Katikati ya chakula, kijiko kikasimama njiani. Mchuzi ukadondoka tone moja, la pili, la tatu. Hakuna aliyesogea. Sikio alisikia saa ya ukutani, alisikia pumzi ya dada. Kijiko kikaendelea na safari yake, kikaingia mdomoni, Mpima akatafuna, halafu akaona nyuso zao.

Akaliangalia doa kwenye meza.

"Muda gani?"

"Nusu dakika," dada akasema.

Mpima akakiweka kijiko chini. Midomo yake ikacheza kidogo, kama alipokuwa akipiga hesabu juu ya ramani.

"Kwa mwendo wa arobaini," akasema, "hiyo ni zaidi ya mita mia tatu." Akalifuta doa kwa kidole. "Mita mia tatu, na mimi simo."

Hakulia wala hakuomba msamaha. Alitoa ufunguo wa kufuli mfukoni, akausukuma mezani hadi mbele ya mkewe, na akamwambia Sikio akamletee mchomeleaji siku akipata nafasi, kwani kuna maneno anataka kumwambia akiwa bado yupo wa kuyasema.

Pikipiki Sikio aliinyoosha usukani, akaiuza kwa mwalimu mmoja wa mbali, ili asiwe anaisikia ikipita. Kazini alirudi, na bisibisi yake, na wateja wa kumcheka. Lakini mtu akisimama kibandani akanyamaza katikati ya maneno, Sikio huacha alichoshika na kumtazama machoni mpaka aendelee.

Dada ameanza kuhesabu sekunde kila Mpima anapopotea. Hahesabu kwa sauti; hugonga kidole kwenye paja, chini ya meza, Mpima asione. Mwezi uliopita alifika arobaini. Jumapili hii Sikio alikuwa ameketi karibu naye, akakisikia kile kidole kikigonga kitambaa cha gauni, kikigonga, na kilipopita sitini akaacha kusikiliza.